Kuku wa Kupeleka Kikima

Mwanangu, orodha yako ya mizigo nimeisoma mara tatu. Vitu arobaini na viwili kwa safari ya pikipiki ya siku nne, na kila kimoja umekiandikia sababu. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona tabia yangu mwenyewe pale. Mvi sijaota bado, lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na mjomba huruhusiwa kushauri hata kabla hajazeeka.

Bado naikumbuka asubuhi niliyotoka Kitui mjini kwa safari yangu ya kwanza ya mbali. Nilitaka kuzunguka kupitia miji ya Mutomo, Kibwezi na Wote, hadi Kikima kule juu Mbooni. Pikipiki ilikuwa kuukuu, na pesa zilitosha mafuta tu. Masanduku ya dukani sikuyaweza. Nikachukua mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya lita ishirini, nikaikata ubavuni kwa kisu cha moto, nikaifunga huku na huku kwa blada, zile kanda za tyubu wanazofungia mizigo watu wa boda boda. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video, nikakosea, nikarudia. Wiki nzima nilipanga na kupangua. Nilipima kila mtungi kwa mizani ya kupimia ndengu hadi pande zote mbili zikalingana, na juu ya keria ya nyuma nikafunga hema. Hata kidole hakingepenya. Nilijivunia mzigo ule, na bado niliogopa kwamba nimesahau kitu.

Jioni ya kwanza nilifika Mutomo kwa Susu, nyanya yangu, mama ya mama. Asubuhi yake, nikiwa tayari nimevaa kofia ya pikipiki, alitoka nyuma ya nyumba na kuku jike kwapani.

Alinieleza taratibu. Alipoolewa huko Mutomo, dada yake mkubwa wa Kikima alimpa kuku mmoja wa kuanzia. Kuku wote niliowahi kuwaona ua ule, na wengine niliokula nikiwa mtoto, walitoka kwa yule mmoja. Sasa ugonjwa ulikuwa umepita Kikima na kufagia ua wa dada yake wote, asibaki hata kifaranga. Magoti hayakuwaruhusu wazee wale kutembeleana tena. Mimi ndiye niliyekuwa naelekea huko.

Nikamwambia hakuna nafasi. Kwa adabu, mwanangu, na kwa maelezo marefu kuhusu uzito wa kulia na wa kushoto.

Susu hakubishana. Alimweka kuku chini, akavuta kigoda, akaniambia nifungue mzigo aone. Nikafungua. Pampu mbili, tochi tatu, koti na koti la akiba la koti, maji ambayo alisema yangetosha harusi. Alicheka hadi tulipofika kwenye hema.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kulala, Susu, nikikwama."

"Kutoka hapa hadi Mbooni, kwani watu wote wamekufa?"

Nikaanza kulikunja upya. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Umefunga mzigo kama mtu asiye na kwao."

Nakiri kwako kitu ambacho sikumwambia. Hema lile halikuwa la mvua. Niliogopa kubisha mlango wa mtu. Niliogopa kuonekana kijana asiyejipanga, anayesumbua watu. Kwa hivyo nilikuwa nimejipanga nisimhitaji yeyote, na nikaita hiyo akili.

Hema lilibaki Mutomo. Kabla hata sijamaliza kufunga blada, Susu alikuwa ameshalitandaza uani na kuanika ndengu juu yake. Mtungi mmoja tukautoa vitu, tukatia nyasi kavu, na kuku akaingia, kichwa nje, akitazama barabara kama abiria aliyelipa. Pande hazikulingana tena. Nilisubiri kuanguka hadi Kibwezi. Sikuanguka.

Kwenye kituo cha Kiboko, mbele ya Kibwezi, nilisimama nimnyweshe kuku maji. Mama mmoja muuza matunda kando ya barabara kuu aliniuliza kama napeleka mahari, na kama ni hivyo, mbona ni ndogo. Akamkatia kuku kipande cha papai, kisha akanikatia na mimi. Hadi nafika Wote nilikuwa nimesalimiwa na watu wengi kuliko mwezi mzima.

Mvua ilinikuta nikianza kupanda Mbooni. Udongo ukateleza kama sabuni. Hema sina. Nikasukuma pikipiki hadi nyumba ya kwanza, nikambeba kuku ndani ya koti, nikabisha. Mzee aliyefungua alimtazama kuku kabla ya kunitazama mimi.

"Mwingize huyo kwanza. Wewe umeshalowa."

Nilipewa muthokoi wa moto, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kiti karibu na jiko, na hadithi yangu ikasimuliwa mara mbili, kwa mzee na tena kwa mkewe. Mvua ilipokatika nilikuta yai kwenye nyasi za mtungi, alilotaga kabla sijamtoa. Nikawapa, wakakataa. Lina mwenyewe Kikima, alisema yule mama, akalifunga kwa kitambaa na kulitia mfukoni mwangu. Mlima uliobaki niliupanda polepole kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Dada ya Susu alinipokea mlangoni na fimbo yake. Alimchukua kuku, akapekua manyoya ya shingo, akagusa kishungi, akacheka hadi akakaa chini. Ni wale wale, alisema. Kisha nikamtolea yai. Alilishika kwa mikono miwili, halafu akaomba nimpigie simu dada yake.

"Amefika," akamwambia, "na kazi ameanzia njiani."

Kicheko cha Susu kwenye simu nilikisikia hadi pale nilipokuwa nimesimama. Kesho yake mtungi ule ule ulijazwa maparachichi, na nafasi ilikuwepo.

Basi, mwanangu, futa nusu ya orodha yako. Vifaa vya kuziba pancha beba, koti la mvua beba moja. Ukifunga mitungi kama yangu, mmoja uache mtupu, na mtu akikupa kitu cha kubeba usimweleze habari za uzito. Ukikwama, bisha mlango. Mimi bado naogopa kila ninapobisha, lakini nabisha.

Mungu akulinde kwenye kona na kwenye mchanga. Akufungulie watu milango kabla hujalowa, na akurudishe nyumbani na mzigo ambao hukuupanga.