Pamba ya Kioo

Muuguzi akichovya pamba kwenye spiriti, ile harufu hunirudisha misheni, nje kidogo ya Mhunze, jicho langu la kushoto likiwa limegandamana kwa usaha. Mama alikuwa akifanya usafi kwa Padre. Wiki nzima alimwomba pamba ya kunisafishia, akaambiwa imekwisha. Ile tuliyolima wenyewe ilikuwa imeshakwenda ushirika yote.

Asubuhi moja, nikiwa naye, mama alikuta kioo kikubwa cha darubini ya Padre ya kutazamia nyota kimejaa vumbi. Akakisugua kwa majivu, kama tunavyosugua sufuria zing'ae wageni wakija. Kikabaki na mikwaruzo.

Padre hakufoka. Alileta kioo cha pili, kile kidogo.

"Njoo ujifunze, mama."

Alikimiminia maji ya mvua hadi vumbi likaondoka lenyewe. Kisha akafungua bunda jipya la pamba. Alichovya kipande kwenye maji ya sabuni, akakiburuta juu ya kioo bila kukandamiza, akakitupa, akachukua kingine. Mwisho akadondoshea spiriti.

"Taratibu, kama unaosha jicho la mtoto. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba Padre."

"Vizuri. Kesho usije."

Mama akapiga magoti. "Sawa, Baba. Lakini nipe hata kipande kimoja, cha huyu mtoto."

Padre alifunga bunda lake kwa uangalifu.

"Hii ni ya vioo."

Nikamtazama vizuri kwa jicho la kulia, hili nililobaki nalo.