Virtudes, Mwanamke Aliyeanguka kwa Niaba ya Sherifu

Saa tano na nusu asubuhi, jua la jangwa la Tabernas, mkoani Almería, limeshaanza kuuma. Virtudes Cazorla amesimama juu ya pipa katikati ya mtaa wa nyumba za mbao, mikono kiunoni, akimtazama msichana aliyetoka kuporomoka ngazini.

"Umeanguka vizuri," anamwambia. "Ila hakuna aliyecheka."

"Nimekosea wapi, Bi Virtudes?"

"Una haraka. Mguu umeteleza, papo hapo uko chini. Hiyo ni ajali, na ajali inatia huruma. Ukiteleza, subiri kidogo. Watazame watu kama unawaambia, haiwezekani, si mimi huyu. Ndipo uende chini."

Anashuka kuonyesha. Ana miaka sitini na minane, na kimo chake hakizidi sana mita moja na nusu. Anapanda ngazi tatu, anateleza, anavua kofia kumwamkia nyumbu wa mizigo aliyefungwa pembeni, kisha anaporomoka kama gunia. Wanafunzi wanane wanaangua kicheko. Nyumbu anageuza uso.

Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya filamu za kauboi, na sasa unaishi kwa watalii. Kwa miaka mingi Virtudes amekuwa hapa mtunza nguo na mlisha nyumbu, kwa mshahara wa euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi. Hii shule ya kuanguka ni mpya. Ilianza baada ya yaliyotokea Machi mwaka huu.

Mama yake alikuwa dobi wa waigizaji. Siku moja mwaka 1974, Virtudes akiwa na miaka kumi na saba, alitumwa kupeleka kapu la mashati kwenye seti. Akakosea ngazi ya juu kabisa. Akateremka zote kumi na nne kwa makalio, kapu kichwani, na hakuna shati hata moja lililogusa vumbi.

"Watu wote walilala chini kwa kucheka," anakumbuka. "Mimi nalia, wao wanacheka. Mwongozaji akaja, nikajua nimemfukuzisha mama kazi. Akaniambia, unaweza kurudia?"

Mwongozaji yule alikuwa na shida. Nyota wake, Ettore Malvisi, alikuwa mchekeshaji mfupi mwenye masharubu mapana, na alikuwa akiogopa kupanda hata kiti. Matangazo, kwa upande mwingine, yalisema anaanguka mwenyewe. Kwa hiyo Virtudes alibandikwa masharubu, akavishwa koti la sherifu, akaambiwa afunge mdomo. Alilipwa peseta mia nane, fedha ya wakati ule, kwa kila anguko, na katika miaka mitano alianguka katika filamu kumi na mbili.

Hazikuwa filamu za majina makubwa. Zilipigwa kwa wiki tatu tatu, zikaonyeshwa msimu mmoja, zikasahauliwa. Lakini anazipenda kuliko zile kubwa zilizopigwa kwenye bonde la jirani.

"Kule walikuwa wanakodoleana macho nusu saa halafu wanauana," anasema. "Sisi kwetu hakuna aliyekufa. Jambazi anaiba benki, anakuta funguo amesahau nyumbani. Sherifu anatoka kumsaka, akirudi hajui mji wake uko wapi. Watu walikuwa wanatoka sinema wamechoka mbavu, wanakwenda kula. Unataka nini zaidi?"

Na Malvisi mwenyewe je? "Mtu mwema. Alikuwa ananiambia, Virtu, wanakucheka wewe, wananilipa mimi. Alitaka kusema ukweli, mwenye kampuni akamkatalia. Alikufa akiwa na hilo moyoni."

Machi mwaka huu, chama cha wapenzi wa sinema cha Almería kilipata nakala ya *Sherifu Aliyepoteza Mji*, iliyodhaniwa kuwa imeoza zamani. Ukumbi ulijaa. Virtudes alikaa safu ya tatu na bintiye Rocío, ambaye ni muuguzi, na Indalecio, mzee wa miaka sabini na minne ambaye amefuga naye nyumbu tangu ujana.

Watu walicheka mpaka wakakosa sauti. Taa zilipowashwa, mtaalamu wa filamu aliyealikwa, Profesa Leandro Quesada, alisimama kueleza. Kilichomshangaza zaidi, alisema, ni ujasiri wa Malvisi, ambaye hakuwahi kukubali mtu aanguke badala yake.

Virtudes akanyoosha mkono.

"Samahani, Profesa. Yule anayeanguka ni mimi."

Ukumbi ukacheka tena. Wakadhani ni kichekesho cha ziada.

"Mama, na masharubu yale?" profesa akauliza kwa upole.

"Ya kubandika. Gundi yake ilinitoa vipele mpaka Krismasi."

"Sisemi unadanganya. Ila nimeandika juu ya Malvisi miaka ishirini, na sijaona karatasi hata moja yenye jina lako."

"Ndiyo maana nimenyoosha mkono."

Wengine wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema bibi arudishwe nyumbani akapumzike. Hapo Indalecio akasimama akageukia nyuma. "Wewe mwenye mdomo, huyu akianguka kwa mguu mmoja anakushinda wewe ukitembea kwa miwili."

Virtudes alimvuta koti akae. Kisha akamwambia profesa, "Baada ya wiki tatu, Jumapili saa sita mchana, njoo pale mtaani na filamu yako. Nitaanguka lile la roshani. Wewe utalinganisha."

Anguko la roshani ndilo linalosisimua kuliko yote katika filamu ile. Sherifu anaegemea ukingo, ukingo unavunjika, ananing'inia kwenye mfereji wa mvua kwa mkono mmoja, anamvulia kofia mwanamke anayepita, halafu anaanguka mita nne na nusu. Virtudes hakuwa ameanguka kutoka juu kiasi hicho tangu siku za filamu, zaidi ya miaka arobaini.

Walipofika nyumbani Rocío akalipuka.

"Mama, nyonga za watu wa umri wako nazijua mimi. Nazipokea wodini kila siku. Kwa ajili ya nini? Mtu mwenyewe amekufa."

"Mimi sijafa."

"Mimi nakuamini. Haitoshi?"

"Inatosha mwanangu. Lakini nimecheka na hili peke yangu miaka hamsini. Nimechoka kucheka peke yangu."

Rocío aliisukuma kando sahani ya makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa kitunguu saumu na dagaa. Hakula. Asubuhi alikuja na gari limejaa maboksi matupu ya hospitali. Waangukaji huyapanga chini, kwa sababu boksi likibonyea hupunguza kishindo. "Kama utaanguka," alisema, "utaanguka juu ya vitu nilivyopanga mimi."

Wakaanza na mita moja. Wiki ya pili, mita mbili na nusu, na bega lililovimba. Wiki ya tatu Indalecio alikagua kila msumari wa roshani. "Ukivunjika," alimwambia, "yule nyumbu wa kijivu nabaki naye." "Huyo akikuona wewe anavunjika mbavu yeye," akajibiwa.

Jumapili ile walikuja watu mia mbili na sitini. Profesa alisimama na kompyuta yake mpakato, filamu ikiwa tayari kuchezwa kuanzia pale sherifu anapotoka roshanini.

Virtudes alitoka roshanini na koti la sherifu na masharubu. Akaegemea. Ukingo ukakatika. Akaning'inia, akavua kofia kumwamkia Rocío, ambaye alikuwa amefumba macho. Akawatazama watu wote: haiwezekani, si mimi huyu. Kisha akaachia.

Alitua mgongoni juu ya maboksi, miguu ikarushwa juu, ule wa kushoto ukapiga teke mara mbili. Wakati huohuo, kwenye kompyuta, mguu wa kushoto wa sherifu ukapiga teke mara mbili.

Kabla vumbi halijatulia profesa alikuwa amepiga magoti kando ya maboksi. "Nimekuandika miaka ishirini," alisema, "kwa jina la mtu mwingine. Nisamehe, Bi Virtudes."

"Nivute kwanza," akajibu. "Samahani zitafuata."

Alitoka na michubuko miwili. Kelele za watu zilisikika mpaka barabara kuu, na Rocío alimkumbatia mama yake kwa nguvu hadi masharubu yakahamia shavuni kwake. Kabla ya kiangazi chama kilitengeneza nakala mpya ya filamu ile. Jina la Virtudes Cazorla linatokea mwanzoni, peke yake kwenye skrini. Barua za wasichana wanaotaka kujifunza zikaanza kuingia, na shule ikafunguliwa.

Oktoba atakwenda Roma na Rocío. Ghala moja la filamu huko limepata zile nyingine kumi na moja, na profesa amemwomba akae naye wazitazame picha kwa picha. Virtudes ameshaandaa orodha ya waangukaji ishirini na sita aliofanya nao kazi, ambao nao hawakuandikwa popote. Tisa wako hai.

"Kwa teke tu nitawatambua," anasema, akiwaita wanafunzi warudi ngazini. "Nitasimamisha filamu, niseme huyu ni Eulogio wa Gérgal, huyu ni Custodio, huyu ni Adoración aliyekuwa anaruka na mimba ya miezi mitatu. Wayaandike majina yote. Watu wakicheka, wajue wanacheka na nani."