Tende ya Akida

Mwaka ule tulikula ndiga, viazi vya porini vyenye sumu, na wengine njaa haikuwaacha wangoje siku tatu za kuviloweka. Hao tuliwazika. Mchele ulikuwa kwa akida, mtawala wetu wa serikali, peke yake. Ndipo binti yangu, mjane wa vita vya maji, akajifungua mtoto wa pili, na kifuani hana hata tone.

Kwetu Kinjumbi mtoto akitimiza siku saba huonjeshwa. Mtu anayesifiwa hutafuna tende, akampaka mtoto ulimini, ili mtoto afuate tabia yake. Anayembeba ni bibi, maana mama hatoki nje kabla ya arobaini. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana, nilimpeleka kwa akida. Nani alinilazimisha? Hakuna. Nilijifunga kanga mpya, nikapita katikati ya mji ili waone wangu anaonjeshwa na nani.

Akamfuata tabia kweli. Alipojua kusema, mchezo wake ulikuwa mmoja: anawalaza wenzake kifudifudi, anachapa kwa ufito, anahesabu mpaka hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya akida. Tulicheka. Siku baba yake alipolazwa kwenye shamba la pamba kwa kuchelewa kulima, akida alikaa kitini, askari akachapa, na mtoto akasimama mbele za watu akihesabu kwa sauti. Hakukosea hata moja. Baba yake, uso mchangani, alimsikia.

Tangu hapo mkwe wangu alitafuta mkubwa mwingine, akampata mganga wa maji. Akasema huyu ni mkweli, huyu ndiye atakayemwonjesha mtoto wa pili. Akanywa maji yake, akaenda vitani na mkuki. Risasi haikugeuka maji. Msibani mganga hatukumwona.

Akida, aliyekimbia vita, akarudi. Akatangaza kwamba kila mtoto atakayeletwa kwake aonjeshwe, mama yake atapewa pishi ya mchele. Alitaka kupendwa tena.

Binti yangu akaniambia polepole, "Mama, ni tende tu. Mpeleke, nipate uji."

Nikamjibu, "Simpeleki. Mtoto wangu haonjeshwi na mkubwa yeyote."

Nikamwonjesha mwenyewe, kwa chembe ya ndiga niliyoiloweka siku nne. Maziwa hayakuja; mtoto alitoka nyumbani kabla ya arobaini, ndani ya jeneza, mama yake akilifuata kwa macho mpaka mlangoni. Hakunilaumu kwa maneno. Alianza tu kupika kwenye mafiga yake mwenyewe.

Nimewaza sana. Akida hakuwahi kusema yeye ni mwema. Alisema yeye ni akida, basi. Wema tulimvika sisi, tukampelekea watoto, kisha tukashangaa. Lakini pishi ile ilikuwa mchele wa kweli, na sijui kama nilimwokoa mjukuu wangu au nilimuua kwa kiburi. Hakuna wa kuniambia.

Yule aliyehesabu viboko sasa ni mama. Juzi alininyooshea mtoto wake wa siku saba, nimbebe kwa akida mpya. Anasema huyu ni mtu wa dini, kiboko hashiki, kila mtu anamsifu. Huenda ni kweli. Akida wa kwanza naye tulimsifu. Sikunyoosha mikono.

"Simpeleki. Mtoto wangu haonjeshwi na mkubwa yeyote."