Siku Nilipotafuta Katikati ya Kisima

Aibu hii sijapata kumsimulia mtu. Naiandika kwa kuwa kuisema siwezi, na hata hapa mkono unakwenda taratibu.

Ilikuwa miaka ile saruji inapatikana kwa kibali na nguo hazionekani dukani, nami nilikuwa na kaptula moja tu (mama aliishona kwa gunia la sukari), nimemaliza la saba, naogopa hata kusalimia watu wawili pamoja. Hapa kwetu Moa ukawa unajengwa ukuta wa kuwasitiri wanawake wanaooga kisimani, na Fundi Makame alitaka upite ukigusa mdomo wa kisima mahali pamoja tu, bila kuukata. Akaniuliza mbele ya watu, "Weye si umesoma duara shuleni? Nipigie mstari." Ningesema sijui, yangekwisha. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilichokumbuka ni kwamba tanjenti, yaani mstari ugusao duara mahali pamoja tu, hukutana na nusukipenyo kwa pembemraba. Basi nikaona lazima nianze katikati ya duara, ndipo nivute nusukipenyo, ndipo nipime pembe. Lakini katikati ya kisima ni wapi? Ni hewani, juu ya maji! Na saruji imekwisha kuchanganywa, Fundi ananitazama, kuuliza naona haya. Nikalaza ubao juu ya kisima, nikashika uzi na kutambaa.

Katikati ubao ukapinda, ukalia. Kijiwe kikadondoka, nikasubiri, nikasubiri, ndipo nikasikia maji. Mbele siendi, nyuma sirudi, nikaanza kusoma shahada (kimoyomoyo). Kisha kaptula ikanasa kwenye msumari wa ubao, ikafumuka nyuma yote, upande uleule waliposimama wanawake na ndoo zao.

"Mtoto huyu anatafuta nini huko?" akauliza Bi Mwanakombo, mmoja wa wanawake hao.

"Katikati ya kisima, bibi."

"Basi umeshaipata, rudi!"

Wakacheka wote isipokuwa Fundi, aliyekuwa ametoka jasho kuliko mimi. Akanirushia kamba ya ndoo. "Jifunge kiunoni. Usitazame chini. Njoo kidogo kidogo." Nikarudi kinyumenyume, nimewatangulizia wanawake nisichotaka wakione, hadi Bi Mwanakombo akanifunika kwa kanga.

Kisha bibi huyo, ambaye shule hakuiona, akautwaa ubao, akaulaza chini kando ya kisima, akausukuma mpaka ukagusa mdomo. "Si hivi?" Ndivyo. Ulipogusa tu, pembemraba ilikuwa imejipanga yenyewe, sikuhitaji kuifuata juu ya maji.

Saruji nayo ilikwisha kukauka, tukajenga kwa udongo. Siku hizi maduka yamejaa, kibali haulizwi mtu, na kaptula ninazo tatu. Lakini mtu akiniuliza jambo mbele ya watu, hata kabla hajamaliza nimekwisha sema, "Sijui." Wakati mwingine huwa najua.