Hotipoti ya Digidigi

Chekeni tu, najua mshasikia, na wengine mmeongeza chumvi zenu, eti nilimlisha mzee wa watu kinyesi. Sikumlisha mtu! Aibu niliipata, nakubali, tena mbele ya watu wazima, lakini leo kisikieni kisa kutoka kwa mwenyewe.

Tulikuwa kijiji cha Gulwe na darasa letu la chuo, tunajifunza kutambua mimea na wanyama wa pori, na Mwalimu Sefania alishatangaza kwamba asiyeleta ushahidi wa mnyama mmoja wa mwituni, ushahidi wa kushikika, amefeli. Mimi nilikuwa narudia somo hilo, kwa hiyo nikifeli tena ndiyo kwaheri chuo.

Sasa asubuhi kule mlimani nikakuta lundo la vinyesi vidogo vidogo, vyote mahali pamoja, nikaruka kwa furaha, maana digidigi ndivyo alivyo, ana choo chake, hajisaidii ovyo kama mbuzi. Mwalimu akachungulia kwa mbali.

"Hivyo ni vya mbuzi, dada. Digidigi hapa waliisha zamani."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikapandwa na hasira, na kwa kuwa sikuwa na mfuko, nikamalizia wali wangu harakaharaka, nikapangusa hotipoti, nikaijaza ushahidi, nikafunika. Uamuzi mdogo tu, jamani.

Mchana tukaalikwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndahani. Kwao mgeni hali chakula chake peke yake pembeni, kwa hiyo mkewe akakusanya vyombo vyetu vyote akavipanga mkekani pamoja na ugali na mlenda, na mimi niko nje nanawa mikono huku nabishana na Mwalimu, sina habari. Naingia, sala imeshasemwa, mzee ameshafunua hotipoti yangu na kijiko kimo ndani.

"Hizi kunde mbona kavu?"

"Mzee, usile! Shikamoo! Usile!" (Ndiyo, nilimwamkia. Ungekuwa wewe ungesema nini?)

"Kwani nini hiki?"

"Kinyesi, mzee."

Mama mwenye nyumba akaufunika mlenda kwa upande wa kanga. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, na hapo mwenye akili zake angenyamaza, lakini nikamwona Mwalimu anatikisa kichwa, nikaiona na safari yangu ya kurudi nyumbani na begi, maneno yakanitoka.

"Lakini si cha mbuzi!"

Mzee akachukua punje moja, akaiviringisha vidoleni. "Cha mbuzi hiki. Nimefuga tangu utoto."

"Nisamehe, mzee, ila cha mbuzi wako ni kikubwa zaidi. Twende zizini tukalinganishe."

Basi tukaondoka wote, mzee, darasa, mama na mwiko wake mkononi, ugali tukauacha unapoa. Zizini tukalinganisha, cha mbuzi kikawa kikubwa waziwazi, Mwalimu akasema labda ni cha mwanambuzi, nikasema basi twende mlimani. Jua la saa nane, watu wana njaa, wote wananitazama kama mwizi. Tulipofika kwenye lundo nikakuta juu yake vipya, bado vinang'aa, na kabla sijafungua mdomo digidigi wawili wakachomoka kichakani wakipiga mluzi wao wa puani, wakapotea. Hakuna aliyecheka.

"Ni digidigi kweli," akasema Mzee Ndahani. "Haya, binti, na chakula changu?"

Nilisonga ugali mwingine mwenyewe, mama amenisimamia.

Nilifaulu. Chuoni wananiita Hotipoti, na nikikaa mezani lazima mtu afunue chombo changu kwa ncha ya kijiko. Wafunue! Siku hizi natembea na kopo la sampuli, na naapa sitatia tena kinyesi kwenye chombo cha chakula. Ila kusema ni cha mbuzi ili watu wale kwa amani, hilo msinitegemee.