Jina Ukutani kwa Eliufoo

Eliufoo hakuwahi kusoma chuo. Alianza kama mfagizi katika hospitali yetu ya misheni, huko juu kwenye milima ya Upare. Miaka ile sabuni ilipokuwa adimu, mpiga picha za eksirei aliondoka kutafuta maisha mjini, na mganga mkuu akamwambia Eliufoo aendelee na kazi kwa yale aliyokuwa ameyaona. Akaendelea miaka kumi na mitatu bila kuulizwa cheti.

Mimi nilikuwa muuguzi mwenye cheti cha chuo, na mwanzoni nilimwona mtu wa kubahatisha. Kwetu mwanamke hataji mimba changa mbele ya mwanamume asiye mumewe. Ukimuuliza atasema hana. Kwa hiyo Eliufoo hakuuliza. Aliniambia tu, "Sista, kaongee naye habari za shamba," nami nikirudi nikitikisa kichwa, yaani ana mimba, picha haikupigwa.

Mwaka 1996 ikaja barua kutoka kwa wenye hospitali. Kila chumba cha eksirei kiwe na mtu mwenye cheti cha usalama wa mionzi, na cheti apewe mwenye shahada tu. Wengine watolewe. Eliufoo alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mkaguzi alipanda kutoka Same, kijana wa chuo kikuu aitwaye Vitus. Alimwamkia Eliufoo shikamoo, akawasha kipimo chake cha mionzi. Picha ya majaribio ilipopigwa, kipimo kililia nje, kwenye benchi lililokuwa karibu na mlango wa mbao.

"Mzee, hapa wanakaa watu?"

"Wanaosubiri picha."

"Tangu lini?"

Eliufoo alilitazama lile benchi. "Tangu nianze. Nililiweka mwenyewe, wasinyeshewe."

Kisha akalibeba peke yake hadi mwisho wa baraza, akarudi anahema, hatutazami. Sikuwa na la kumtetea. Miaka yote ile nami nilipita pale na cheti changu, sikuona kitu.

Baada ya chai akaja Rogathe, mke wa mtu, aliyeumia nyonga kwa kuanguka na mzigo wa kuni. Vitus akamuuliza mbele ya watu, "Una ujauzito?"

"Sina."

Akaweka alama kwenye fomu. "Mpige, mzee."

Eliufoo hakusogea. "Sista hajaongea naye."

"Si amesema hana?"

"Amekuambia wewe."

Nikamchukua Rogathe nyuma ya pazia. Tuliongea mahindi, tukaongea mama mkwe, ndipo akaninong'oneza: miezi miwili. Nikatoka nikatikisa kichwa. Vitus alifuta ile alama polepole.

Kabla ya kuondoka alituambia ameandika kwamba Eliufoo abaki chumbani. "Ila cheti siwezi kukupa, mzee. Kwenye fomu, pale pa shahada hapajazwi na kitu kingine. Itabidi kiwe kwa jina langu, niwe napanda kukagua."

"Basi ukipanda, uje na fundi wa mlango," alisema Eliufoo.

Mlango ukawekwa bamba la madini ya risasi, la kuzuia mionzi. Cheti kikatundikwa ukutani, na Eliufoo akafanya kazi chini yake mpaka alipostaafu. Wagonjwa kutoka Suji walipomuuliza huyo aliyeandikwa pale ni nani, aliwajibu bila kinyongo nilichoweza kukisikia.

"Ni kijana mzuri, anajua kazi. Ila anakaa mbali."