Baba Barazani, Kukhu Mezani

Nikipita karibu na kampasi ya chuo kikuu chetu pale Kitale huwa nageuza kichwa nitafute moshi. Siku hizi hakuna, wameweka gesi ya maana. Enzi zetu jiko la mafunzo lilikuwa na gesi inayozimika katikati ya pishi, mpaka mwalimu wetu akaleta majiko ya makaa, akasema ni ya dharura tu. Dharura hiyo ilidumu hadi tukamaliza kozi. Nimesomea kazi ya hoteli nikitokwa na machozi ya moshi, na bado napakumbuka mahali pale kuliko nyumba nyingi nilizoishi.

Wenzetu wa kozi nyingine walituita watu wa sufuria. Wale wa uhasibu ndio waliokuwa na mdomo zaidi. Lakini ikifika Alhamisi, siku ya mapishi, ungewaona hao hao wamejipanga nje ya dirisha. "Niaje, watu wetu? Si kuna kitu mmeharibu leo?" Sheria ya pale ilikuwa kwamba chakula kilichoharibika hakiendi kwa wageni, kinaliwa na aliyekiharibu pamoja na marafiki zake. Muhula wa kwanza nilikuwa na marafiki wengi sana.

Nakumbuka baridi ya asubuhi za Kitale, tukitoka hosteli na aproni nyeupe zilizofuliwa jana na hazijakauka vizuri. Nakumbuka mwenzangu wa chumbani, msichana wa Matulo, akifanya mazoezi ya kuhudumia, anatembea kwenye ushoroba na sahani kadhaa mkononi, zote zimejaa maji, huku mimi nimesimama mlangoni kama mgeni. "Kalibu sana, madam," ananiambia. "Karibu," namrekebisha. "Si ndiyo hiyo nimesema bana, kalibu." Basi tunacheka mpaka maji yanamwagika, tunapiga deki, tunaanza upya. Sijui kama nimewahi kucheka hivyo tena.

Nyumbani Bokoli, kule Bungoma, hakuna aliyecheka. Baba ni mkulima, ana shamba la mahindi na kipande cha miwa. Nilipomwambia ninachoenda kusomea alisema, "Mtu hupika kwa sababu ana njaa. Sasa wewe unaenda kusomea njaa?" Hakunikataza. Afadhali angenikataza, ningejua pa kuanzia ugomvi. Kaka yangu alikuwa anasomea ualimu, na Baba aliweza kukueleza masomo yake yote hata kama hujamwuliza. Akiulizwa habari zangu mimi baada ya ibada, anajibu, "Huyo yuko Kitale," halafu anageukia habari za mvua. Ati yuko Kitale! Kana kwamba nilikuwa gunia la mahindi limepelekwa kuuzwa. Iliniuma, siwezi kudanganya. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka siku moja aseme kwa kinywa chake, mbele ya mtu, kwamba msichana wake anasoma, na anasomea nini.

Mwaka wa mwisho ukaja na mtihani wa meza. Kila mwanafunzi alialika wageni wawili kutoka kwao, akawapokea mlangoni, akawaketisha meza moja, akawahudumia kuanzia supu mpaka chai, na mtahini kutoka nje amekaa pembeni na kalamu. Ukianguka, huendi mafunzo ya hotelini, unarudia mwaka. Nilimwalika Mama, na nikamwalika Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, ambaye alikuwa na shamba lake nje kidogo ya Kitale. Baba sikumwalika. Niliogopa jibu lake.

Siku hiyo Kukhu alifika wa kwanza, amevaa gauni la kanisa na leso mpya ya kichwani. Nilimvutia kiti, nikamtandikia sevieti mapajani, naye akaishika akaniuliza kama ni ya kwenda nayo nyumbani. Nilikuwa bado natabasamu niliposikia hodi. Nikafungua mlango nikijua ni Mama. Alikuwa Baba, amevaa koti lake la harusi na matanga.

"Mamako ameamka na malaria," alisema. "Nikaona chakula cha mgeni kisikose mlaji."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Baba, Kitale, kwenye mlango wangu! Kisha nikakumbuka aliyeketi nyuma yangu, na furaha ikaniishia pale pale.

Asiye wa kwetu labda hataelewa. Kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na kula meza moja ndiyo kabisa hakusemeki. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Mama alikuwa ameolewa miaka yote hiyo, na Baba na Kukhu hawakuwa wamewahi kuonja chakula cha sufuria moja, mmoja mbele ya mwenzake. Kanuni ya chuo ilitaka niwaketishe uso kwa uso.

Kukhu alisikia sauti ya Baba kabla sijasema lolote. Akavuta leso ikafunika uso, akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Baba naye alishaona kilichopo. Akarudi kinyumenyume hadi akakanyaga maua ya chuo.

Mtahini, mama mmoja mpole ambaye hakuwa mtu wa huku, aliinua macho. "Kwani hawa wamegombana?"

"Hapana, madam. Wanaheshimiana."

Akatazama ule mgongo wa Kukhu, akatazama mlango uliobaki wazi. "Lakini meza ni moja," akasema. "Hiyo kanuni sikuiweka mimi."

Baba akaniita kutoka kwenye maua. "Mtoto wangu, wacha nirudi Bokoli. Nisikuharibie mtihani."

Hapo nilikasirika. Nilikasirikia kanuni, nikakasirikia malaria, nikakasirikia hata mila zetu wenyewe, Mungu anisamehe. Mtu ametoka Bokoli asubuhi na mapema kuja kuona ninachofanya, halafu arudi na njaa yake? Nilimwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mzazi, "Baba, ngoja hapo hapo. Usiende."

Nilikimbia jikoni nikachukua kimeza tulichokuwa tunakatia vitunguu. Mwenzangu wa Matulo akashika upande wa pili bila kuuliza, maana naye ni wa huko huko, aliona mara moja. Tukakiweka barazani, chini ya dirisha, tukakitandika kitambaa cheupe na vijiko vyote katika mpangilio wake. Kati ya Baba na Kukhu kulikuwa na ukuta, na dirisha wazi lenye pazia. Nikamgeukia mtahini. "Madam, ni meza moja. Ni vile tu imepitiwa na ukuta." Hakucheka, lakini hakukataa. Niseme tu mapema kwamba mtihani nilipita, kwa kuchechemea.

Kazi ilikuwa hapo. Supu ya Kukhu ndani, supu ya Baba nje, na kati yao mlango, ngazi na maua. Baba hakugusa kijiko mpaka nilipomletea jagi na besheni anawe mikono, jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo yetu hata kidogo. Nilimmiminia maji polepole kama nyumbani. Kuku akafuata, na ugali wa wimbi ambao tulikuwa tumeukandamiza kwenye kikombe utoke mduara mzuri. Kukhu aliugeuza ugali huo kwa uma, akauliza kama mwingine uko njiani au huo ndio wote.

Halafu, nikiwa nainua sahani tupu, Kukhu akaniambia akiutazama ukuta, "Mwulize huyo wa nje kama amepata chumvi."

Nikatoka. "Baba, Kukhu anauliza kama umepata chumvi."

"Mwambie mama," akasema, akimaanisha Kukhu, "nimepata. Mwulize miguu yake inaendeleaje."

Nikarudi. Miguu ilikuwa nafuu. Kukhu akataka kujua malaria ya Mama ilianza lini na kama amekunywa dawa. Baba akajibu, akauliza kuhusu mahindi ya huku Kitale. Mpaka kuku anaisha, nilikuwa napeleka maneno mengi kuliko sahani. Kule kwenye kidirisha cha jikoni wenzangu walikuwa wamerundikana wakiziba midomo kwa aproni. Mimi jasho lilinitoka, lakini nilikuwa na raha ya ajabu. Watu wangu wawili walikuwa wanakula pamoja, kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nawahudumia.

Nikampelekea Baba chai. Sahani yake ilikuwa safi, sevieti ameikunja vizuri pembeni. Nikajua sasa ndiyo ile, "Asante, mimi naenda," na nitabaki kuwa mtu aliyeko Kitale tu. Alikunywa chai akitazama maua aliyoyakanyaga.

"Nenda umwambie mama," akasema, "kwamba hiki chakula ni cha msichana wangu. Mwambie ndiyo kazi anasomea hapa chuo kikuu. Kukaribisha watu. Mwambie anaijua."

"Baba, hayo nitayasemaje mwenyewe?"

"Si nimekutuma?"

Nikapita mlangoni na trei kifuani. Nikasimama nyuma ya kiti cha Kukhu, mtahini ananitazama, jikoni wananitazama. "Kukhu, Baba anasema chakula hiki ni cha msichana wake. Anasema ndiyo kazi anasomea, kukaribisha watu. Anasema..." Neno la mwisho sikulifikisha, machozi yalinitoka kwanza, na siku hiyo moshi haukuwepo.

Pazia lile lilikuwa jepesi. Kukhu alikuwa amesikia kila neno tangu lilipotoka kinywani mwa Baba. Akarekebisha leso yake usoni.

"Mwambie hiyo ya mwisho sijasikia," akasema.

Nikageuka niende, lakini sikufika mlangoni. Baba alikuwa amesimama barazani, ametupa mgongo dirishani kama heshima inavyotaka, na hakunisubiri.

"Anaijua!" alisema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Msichana wangu anaijua hii kazi."